Kitanda cha Watoto wa Lio

"Kroni elfu moja na mia mbili kwa mabua!" Sigbjørn aliitikisa ile risiti kama anafukuza nzi. "Hata ng'ombe angeona haya, Gunnvor."

"Ng'ombe hajaulizwa. Lipa."

"Silipi. Mwaka jana tulitandaza magunia mawili tu, wageni wakapiga picha zao, wakafurahi, wakaenda kunywa kahawa."

"Mwaka jana tulidanganya watu. Zamani, usiku kama wa leo, nyumba nzima ilikuwa inalala chini. Baba, mama, mtumishi, wote. Kwenye magunia mawili atalala nani? Paka?"

"Ni maonyesho, dada yangu. Maonyesho!"

"Basi nitalipa mwenyewe. Lakini usije ukaniomba nitabasamu kwenye picha ya gazeti."

Sigbjørn alikuwa meneja wa makumbusho, kijana wa miaka thelathini na minne, simu mbili mkononi na usingizi hana. Gunnvor alikuwa na hamsini na nane. Hii ilikuwa Krismasi yake ya kumi na tano akivaa sketi nyeusi ya sufu na kitambaa cheupe kichwani, akiigiza mama mwenye nyumba katika Nyumba ya Lio. Kati ya nyumba zote za kale zilizohamishiwa pale kilimani, hiyo ndiyo iliyokuwa kongwe. Hasira za Gunnvor zilijulikana hadi kwa wakata tiketi. Ilijulikana pia kwamba ni moto wa mabua. Huwaka, huzima.

"Haya, lipa," Sigbjørn akasema, akiikunja risiti. "Ila sharti ni lilelile. Tunafunga saa nane. Ikifika saa tisa nataka meza tupu na kitanda kitupu. Panya wakilitafuna lile blanketi la miaka mia na sitini, mimi ndiye nitakayeandika barua ya maelezo."

"Kila mwaka nakitandua kile kitanda. Umewahi kunikumbusha?"

"Hapana."

"Basi usianze leo."

Hakusema atakitandua. Gunnvor hakuwa mtu wa uongo. Alikuwa mtu wa kunyamaza pale ambapo mwingine angedanganya.

Chini ya shali yake, kwenye mfuko wa nguo, alikuwa amebeba sweta ya kijivu yenye kiwiko kilichotoboka.

* * *

Siku hiyo wageni walikuwa wengi. Walibanana mlangoni na makoti yao manene, watoto mbele, pua nyekundu, wakivuta harufu ya matawi ya mreteni aliyoyatandaza Gunnvor sakafuni na uji wa malai uliokuwa ukitokota jikoni. Mezani kulikuwa na mikate myembamba, mbavu za kondoo zilizokaushwa, jibini, na bia ya nyumbani katika bakuli la mti. Kulikuwa pia na mshumaa. Wa betri. Watu wa zimamoto hawakutaka kusikia habari ya moto wa kweli juu ya mabua, na kwa hilo Gunnvor hakugombana nao.

"Usiku wa Krismasi," aliwaambia wageni, "waliokufa wanarudi nyumbani. Wanatoka makaburini wamepoa. Wana njaa. Kwa hiyo chakula hakiondolewi mezani mpaka asubuhi. Na kitanda tunawaachia wao. Sisi wazima tunalala chini, kwenye mabua, tumewapa mgongo. Ukisikia kitanda kinalia, huangalii. Husemi neno. Ni usiku wao."

Mtoto mmoja akajificha nyuma ya baba yake. Watu wakacheka.

Kisha akawasimulia habari za watoto watatu wa Lio, kama alivyowasimulia miaka yote. Dondakoo liliingia nyumbani humu mwezi wa Novemba, mwaka 1862. Ånon, miaka minne, akatangulia. Siku ya sita akamfuata Tallak, miaka saba. Sunniva, msichana wa miaka tisa, ndiye aliyekuwa akilala ukingoni ili wadogo zake wasianguke. Yeye alibaki kitandani peke yake siku tano zaidi. Siku ya kumi na moja naye akaenda.

Hapo wanawake hutoa vitambaa vya kufutia machozi. Na walitoa.

Halafu Gunnvor akafungua mlango, kama desturi, akasimama kizingitini, akaita kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye misonobari:

"Sunniva! Tallak! Ånon! Njooni. Moto upo, mkate upo, kitanda ni chenu hadi alfajiri."

Wageni wakapiga makofi.

Alipowageukia aliona mmoja hakupiga. Bibi Eldbjørg, mwenye miaka themanini na minane, alikuwa amekaa kwenye benchi, mikono juu ya fimbo. Bibi yake ndiye aliyeiuzia makumbusho nyumba hii mwaka 1936, gogo kwa gogo, kila moja limechongwa namba yake. Kila mwaka alikuja kukagua kama wameiharibu.

Wageni wakatoka. Bibi kizee akabaki.

"Mabua mengi mwaka huu," akasema. "Yale ya mwaka jana yalikuwa machache kuliko nywele za mchungaji wetu."

"Nimeyalipia mwenyewe, bibi."

"Na kitanda umekitandika vizuri. Shuka mbili. Mto wenye manyoya." Macho yake hayakuwa mabovu kama masikio yake. "Na ile nini, inachungulia pale chini ya blanketi? Watoto wa Lio hawakuwa na sweta yenye zipu."

Gunnvor akahisi damu inampanda usoni. Akaenda kuisukuma sweta ndani.

"Ya mwanao," Eldbjørg akasema. Hakuuliza.

"Ya Jostein."

Jostein alikuwa na miaka kumi na tisa. Miaka mitatu iliyopita, mwezi wa Machi, alivuka ziwa kwa pikipiki ya theluji na barafu ikafunguka. Ziwa lile kina chake ni mita mia mbili. Walitafuta siku tisa. Waliipata kofia yake ya kujikinga. Mchungaji akasoma maneno mbele ya picha, kwa kuwa hapakuwa na jeneza. Na kila mkesha wa Krismasi, bonde zima linapokwenda makaburini kuwasha mishumaa juu ya theluji, Gunnvor alibaki na mshumaa wake mkononi hajui pa kuuweka.

"Hana kaburi, bibi," akasema. "Hana pa kutoka wala pa kurudi. Nataka apumzike mahali usiku mmoja. Apate joto. Basi."

"Kwani kwako hana kitanda?"

Gunnvor akanyoosha blanketi juu ya sweta.

Kitanda kilikuwepo. Asubuhi ileile ya Machi alikuwa ametandua shuka za Jostein ili azifue. Saa sita wakaja polisi. Shuka zilifuliwa, zikakauka, harufu ya mtoto ikaisha. Hazikurudi kitandani. Alifunga mlango wa chumba kile na hakuufungua tena.

"Sikiliza," bibi kizee akasema, akiinuka kwa tabu. "Bibi yangu alipokea kroni mia sita kwa nyumba hii. Alipokuwa akitia saini aliwaambia, 'Nimewauzia magogo. Kitanda sijauza.' Waliokuwepo walimcheka. Labda na wewe utanicheka."

"Siwezi kukucheka, bibi."

"Kitanda kina wenyewe, mwanangu. Na wewe ndiye unayewaita kwa majina." Alifika mlangoni, akageuka. "Wakishaitwa, huwa unawapa nini?"

Akaondoka zake, fimbo yake ikitoboa theluji.

Gunnvor alisimama katikati ya nyumba. Swali lile lilimpita sikioni. Akili yake ilikuwa kwenye sweta.

* * *

Jua lilizama saa tisa, kama kawaida ya Desemba. Sigbjørn alipita na gari, akapiga honi barabarani.

"Umemaliza, Gunnvor?"

"Nafunga."

"Krismasi njema! Nenda ukapumzike nyumbani!"

Nyumbani kuna nini? Alipunga mkono tu. Taa nyekundu za gari zikateremka kilima, zikapotea.

Akafunga mlango. Kwa ndani.

Akavua viatu. Akalala juu ya mabua ya kroni elfu moja na mia mbili, uso ukielekea ukuta, mgongo ukielekea kitanda. Mshumaa wa betri ulicheza moto wake wa uongo mezani. Magogo ya ukuta yalikuwa na namba mbele ya macho yake. Kumi na saba. Kumi na nane. Kumi na tisa.

Miaka ya Jostein.

Saa kumi na moja kengele za kanisa zikalia kule bondeni. Krismasi imeingia. Zililia muda mrefu. Kisha zikanyamaza.

Kimya.

Baridi ilipasua gogo mahali fulani... tah! Kisha kimya tena. Mabua yalimchoma shavuni. Alianza kujiona mjinga. Mwanamke mzima, kalala sakafuni mwa makumbusho. Akataka kuinuka.

Ndipo aliposikia.

Tone.

... Tone.

... Tone.

Maji. Lakini nje kulikuwa na baridi ya nyuzi kumi na nane chini ya sifuri. Hapakuwa na tone lolote la maji lililokuwa huru katika bonde lile.

Mlango ulifunguka. Komeo hakulisikia. Alisikia bawaba tu, kwa mlio wake wa siku zote, na upepo ukamfikia miguuni. Hatua. Nzito, za buti zilizojaa maji. Chwaka. Chwaka. Harufu ikamfikia, ya tope la chini ya ziwa. Na petroli.

Gunnvor akauma mkono wake.

Hatua zikapita kando yake. Hazikusimama. Kitanda kikalia, kama kinavyolia kikikaliwa na mtu mzito. Halafu pumzi moja ndefu ikatoka... haaah... ileile ya jioni akirudi kutoka kwenye mazoezi, anapojitupa kwenye kochi bila kuvua viatu, na mama yake anapiga kelele kutoka jikoni, Jostein, viatu!

Hakupiga kelele. Machozi yalimtoka yakaingia kwenye mabua. Hakugeuka. Alijua sharti. Kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu alijua mwanawe yuko wapi. Hatua nne nyuma ya mgongo wake. Juu ya mto. Chini ya blanketi.

Hakutaka kingine duniani.

Mlango ukafunguka tena.

Safari hii upepo ulikuja chini kabisa, ukitambaa sakafuni. Na nyuma ya upepo, miguu. Peku. Midogo.

Jozi moja.

Jozi ya pili.

Ya tatu.

Harufu ilibadilika. Moshi wa kuni, na siki, ile siki waliyokuwa wakiwasugulia wagonjwa kooni zamani.

"Kuna mtu," ikanong'ona sauti ndogo.

"Nani?"

"Mkubwa. Amelowa."

Mmoja akakohoa. Kikohozi kikavu kama msumeno kwenye mti mgumu. Gunnvor alijua wamesimama, wote watatu, kando ya kitanda, wakimtazama aliyelala. Alijua pia, bila kuambiwa, walipogeuka na kumtazama yeye.

"Mama."

Alifumba macho.

"Mama wa hapa. Wewe unayetuita." Ilikuwa sauti ya msichana, imekwaruzika, inapita kwa shida. "Tunajua hulali."

"Sina ruhusa ya kusema nanyi," Gunnvor akanong'ona ukutani. Na hapo tayari alikuwa amesema.

"Unasema kila mwaka. Unasema moto upo."

"Ninasema... ni..."

Alitaka kusema ni maonyesho. 

"Mwaka jana tulikuja," msichana akasema. "Kitanda kilikuwa mbao tupu. Mwaka juzi tulikuja. Mezani hapakuwa na kitu. Ånon alilia mpaka asubuhi. Ulikuwa umemwambia mkate upo."

"Sikujua."

"Ulituita kwa majina."

Saa tisa kamili. Kila mwaka. Gunnvor alikuwa akitandua shuka, akizikunja vizuri, akipakia mikate kwenye sanduku la plastiki, akizima mshumaa, akifunga mlango kwa ufunguo. Miaka kumi na minne. Alikuwa akiwaita kutoka kwenye udongo wao, kisha anakwenda zake nyumbani. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuwaambia warudi makaburini.

"Usiku kumi na nne," Sunniva akasema, kana kwamba anasoma mawazo yake. "Nimezihesabu. Na leo umetandika. Lakini umemtandikia huyu."

"Ni mwanangu." Sauti ya Gunnvor ilivunjika. "Mwacheni usiku mmoja tu. Nawaomba. Nyie mna kaburi. Yeye hana."

"Kaburi tunalo," msichana akajibu. "Baridi."

Yule mdogo kabisa akaanza kulia. Hakulia kwa kelele. Alilia kama mtoto aliyekwisha kuzoea kwamba hakuna atakayekuja.

Gunnvor alikuwa mkali, lakini hakuwa dhalimu. Maisha yake yote alilipa alichodaiwa, hadi senti ya mwisho, na kumdharau asiyelipa. Alilala pale na moyo wake ukichanwa vipande viwili, na mshumaa wa betri ukicheza mezani kama hakuna kinachotokea.

"Jostein," akaita.

Kitanda kikalia mara moja, haraka, kama mtu aliyekuwa akingoja kusikia jina lake.

"Inuka, mwanangu. Kitanda si chetu. Kina wenyewe."

Hakubisha. Alikuwa mtoto wa namna hiyo. Ndani ya basi hakuwahi kukaa mzee akiwa amesimama. Buti zikagusa sakafu. Chwaka. Chwaka. Zikaja mpaka usawa wa kichwa chake. Zikasimama.

Tone la maji likaanguka shavuni mwake. Baridi yake iliuma mpaka kwenye meno.

"Mama," Jostein akasema. "Niende wapi?"

Miaka mitatu alikuwa ameomba aisikie sauti ile. Na hiyo ndiyo iliyokuja, na hayo ndiyo maneno.

"Nyumbani," akasema, akilia. "Nenda nyumbani, baba. Nakuja. Nitakutandikia. Naapa, leo hii nitakutandikia."

Hatua zikaondoka. Mlango. Upepo. Kimya.

Kisha kitanda kikalia kidogo, mtoto mwepesi akipanda. Kikalia tena, wa pili.

Gunnvor akangoja wa tatu.

Akangoja.

"Ukingoni pamelowa," Sunniva akasema. Sauti ilikuwa karibu sana na sikio lake. "Pangu. Amepalowesha."

Gunnvor hakuweza kuvumilia zaidi. Aliinuka, macho kayafumba, akapapasa ukuta mpaka mlangoni, akavuta komeo ambalo lilikuwa bado limefungwa kama alivyolifunga yeye, akatoka na soksi kwenye theluji.

* * *

Aliendesha gari kuelekea nyumbani. Barabara ilipita kando ya makaburi, na makaburi yote yalikuwa yanawaka, mishumaa mamia juu ya theluji, watu wamesimama na watoto wao wakiongea polepole. Hakupunguza mwendo. Alikuwa na ahadi ya kutimiza.

Alifika kwake. Akapanda ngazi. Ufunguo wa chumba cha Jostein ulikuwa kwenye kopo la chai. Alipofungua mlango, hewa ya miaka mitatu ilimpiga usoni. Godoro tupu. Bango la timu ya mpira wa mikono ukutani. Kikombe chenye alama kavu ya kakao.

Akaleta shuka. Zilezile za Machi. Akazitandaza, akachomeka pembe, akaupiga mto mpaka ukajaa. Akaleta mkate, siagi, glasi ya maziwa, akaviweka kwenye meza ya masomo. Akawasha mshumaa, wa kweli safari hii. Akafanya kama desturi. Akafungua dirisha na kuita jina. Kisha akakaa sakafuni, mgongo ukiegemea kitanda, uso ukielekea mlango uliofungwa.

Alikuwa ametulia. Huenda hakuwahi kutulia hivyo tangu siku ile. Kama ingewezekana kurudi nyuma, angefanya hili kwanza. Kitanda cha mtu ni kitanda chake. Kwa nini ilimchukua miaka mitatu kuelewa jambo la kitoto kama hilo?

Simu ikaita. Sigbjørn.

"Gunnvor, samahani, najua ni Krismasi. Uko wapi?"

"Nyumbani."

"Mashine ya mlango wa Lio inaonyesha umefunguliwa saa kumi na moja na dakika arobaini. Ni wewe?"

"Ni mimi. Nilikuwa natoka. Lakini kabla ya hapo ulifunguliwa mara tatu, Sigbjørn. Angalia vizuri."

"Mara moja tu. Nimeangalia. Lakini sikiliza, si hilo. Nimefungua kamera ya ulinzi. Hukukitandua kitanda. Tutaligombania hilo baadaye. Naona blanketi limelowa upande mmoja, labda paa linavuja, sijui linavujaje kwenye baridi hii... Gunnvor, uliwaleta watoto humo ndani?"

Gunnvor akaibana simu sikioni.

"Maana naona kama watoto wamelala. Au ni mikunjo ya blanketi. Picha ni mbaya. Mkunjo mmoja... na mwingine."

"Wangapi?"

"Nini?"

"Watoto, Sigbjørn. Unawaona wangapi?"

"Wawili," akasema. "Naona wawili. Gunnvor? Kuna nini?"

Simu ilimteleza mkononi, ikalala kwenye zulia, ikiendelea kuita jina lake kwa sauti ndogo.

Nyuma ya mgongo wake kitanda kikalia.

Kidogo tu. Kama kinavyolia kikipandwa na mtu mwepesi.

Harufu haikuwa ya ziwa. Haikuwa ya petroli.

Moshi. Na siki.

"Hiki ni kikavu," sauti iliyokwaruzika ikasema, kutoka kwenye mto wa Jostein.

"Hapana," Gunnvor akanong'ona. "Hapana, mwanangu. Hiki si chenu. Hiki ni cha..."

Chini, kwenye ngazi, hatua zilikuwa zinapanda. Nzito. Za buti zilizojaa maji. Chwaka... chwaka... Zilikuwa za mtu anayekuja bila haraka, mtu aliyeambiwa aende nyumbani na akaamini. Zilifika kwenye mlango. Zikasimama.

Kisha mlango ukagongwa mara tatu, taratibu, kama alivyogonga siku zote alipochelewa na kusahau ufunguo.

"Mama?" Jostein akasema nje. "Nimefika."

Mwali wa mshumaa wa kweli ukalala upande, ukasimama tena.

Mkono mdogo ukatoka chini ya shuka na kumshika Gunnvor begani. Ulikuwa na baridi ya udongo. Haukumkaba wala kumsukuma. Ulimshika kama mtu anavyomshika mdaiwa wake barabarani, ili asiende popote.

"Mwambie kumejaa," Sunniva akasema. "Unadaiwa usiku kumi na nne. Nilipe."